Duara Jeusi Kwenye Meza ya Mama

Wenzangu tuliokulia milimani Uluguru, nani amesahau meza ya nje? Yetu ilikaa barazani, ya mninga. Baba aliichonga akampa mama, na kwetu kitu cha mama ni cha ukoo, hupita kwa binti. Miguu yake ilisimama ndani ya makopo ya majivu, mchwa wasipande. Mvua ikinukia tu, tuliacha mchezo wa mdako tukakimbia kuifunika kwa mkeka. Sufuria ya magimbi haikutuliwa pale bila jani la mgomba chini yake. "Meza haina mdomo wa kulia," mama alisema, "nyie mtalia badala yake." Na tulilia kweli.

Kila mwezi tuliisugua kwa majani ya msasa, tukaipaka nta na mafuta ya nyonyo, kisha siku mbili haiguswi. Mimi na kimbelembele changu nikaipaka asubuhi ileile padri Mjerumani anakuja. Iling'aa! Padri akaegemeza viwiko, akainuka na kanzu nyeupe yenye mikono ya kahawia. Baba akakohoa kuficha kicheko.

"Samahani, Padri," mama akasema, "binti yangu amekubatiza upya."

Sasa meza iko kwangu mjini, karibu na stesheni, na wiki hii nimefura. Mdogo wangu Luiza, anayejua kuandika Kijerumani lakini hajui kazi ya jani la mgomba, aliitua sufuria ya maharage kutoka jikoni moja kwa moja juu ya mbao. Duara jeusi! Nilifoka mpaka mwanangu akaamka mgongoni.

"Dada, si meza tu?"

"Meza tu? Jumapili mama anashuka. Umwambie wewe hiyo meza tu yako!"

Akanywea. Kizazi cha gari moshi hiki: hodari wa kufika, hakijui kutunza.

Nikamtupia majani ya msasa. Tukasugua wote wawili mpaka vidole vikawaka moto. Duara likafifia, halikutoka.

Jumapili mama akapitisha kiganja mezani, kikasimama palepale.

"Nani?"

Luiza akainama. Na mimi, pamoja na hasira zangu zote, nikajisikia nikisema, "Tumelisugua pamoja, mama."

Mama akatutazama kwa zamu. Akaomba jani la mgomba, akalitandika juu ya duara, akaweka hapo bakuli lake la uji.

Utotoni mwetu jani lile lilizuia alama. Leo, kwangu, linafunika iliyokwishaingia.