Bibi Aliyekiaga Kiti

Jumanne nilikuwa Lewisham, huku ughaibuni, kwenye ukumbi wa kanisa ambamo wazee hufanya mazoezi ya kujikinga na kuanguka. Afisa wa halmashauri alikuja kuamua kama ruzuku yao iendelee, nami nikawa mkalimani wake. Akamwuliza bibi mmoja wa Kizanzibari, "Mazoezi haya yamekusaidia nini?"

Bibi alisogeza kiti chake pembeni, akatandika koti, akashuka taratibu mpaka paji la uso likagusa chini. Kisha akainuka bila kushika kitu, akasimama wima!

"Mwambie," aliniambia akihema, "miaka yote hii nikisali kitini, nikiogopa nikishuka sitoinuka. Sasa nasujudu!"

Lo, ukumbi ulilipuka! "Haleluya!" akapaza sauti mama mmoja Mkenya. "Alhamdulillahi," akaitikia bibi. Mimi nilisahau hata kufasiri.

Afisa naye akapiga magoti ajaribu. Kushuka alishuka, kazi ilikuwa kuinuka. Bibi akampa mkono, akamvuta.

"Mwambie aitoe hiyo ruzuku," akasema. "Na Jumanne ijayo aje na yeye."

Hilo nililifasiri neno kwa neno, tena kwa sauti.