Zimebaki Siku Tisa

Muhsin Sadala alifika kwangu Old Korogwe Jumamosi moja ya Aprili, saa nne asubuhi, mvua ikinyesha. Alisimama nje ya kibaraza akilowa mpaka nilipomwambia apite. Aliniamkia, akakaa kwenye kiti cha plastiki, mgongo wima, viganja juu ya magoti, kama walivyomfundisha jeshini. Nilimwuliza habari za chuo, akasema nzuri. Nilimwuliza likizo inaisha lini. Hapo akatoa bahasha ya kaki iliyokunjwa mara mbili, akanikabidhi kwa mikono miwili, kisha akageuza macho kwa kuku wa jirani.

Nilivaa miwani nikasoma. Afisa mwanafunzi Muhsin ameshindwa somo la hesabu muhula wa kwanza. Anarudishwa nyumbani siku tisini, kisha atafanya mtihani wa marudio. Akifaulu, ataungana na kundi litakalofuata. Asipofaulu, safari yake ya uafisa imeishia hapo. Mtihani ulikuwa Jumatatu ya wiki ya pili yake. Nilihesabu kwa vidole, mimi mama niliyefundisha hesabu miaka thelathini na mbili, maana sikuamini. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

"Barua hii ni ya Januari," nilisema.

"Ndiyo, mwalimu."

Nilimwuliza miezi yote hiyo alikuwa wapi. Akasema alikuwa anajiandaa kuja.

Nilikasirika, sifichi. Mimi hasira yangu iko karibu, wanafunzi wangu wote wanajua. Nilimwuliza ni mgonjwa gani anayesubiri apone kwanza ndipo aende hospitali. Hakujitetea. Alieleza taratibu, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, kwamba hakutaka kuja kwangu mtupu. Alitaka ajue kidogo kwanza, nisije nikamwona amesahau vyote. Kwa hiyo kila jioni akitoka kupalilia mahindi ya mama yake alifungua daftari la chuo ukurasa uleule, akautazama, akalifunga. Alifanya hivyo siku themanini na moja.

Muhsin ni mtoto wa Kwamsisi, Handeni. Baba yake, mzee Sadala, alifariki mtoto akiwa darasa la nne, na mama yake, Fatu, akamlea kwa jembe, mahindi na ufuta. Alikuja shuleni kwetu Korogwe kidato cha kwanza, akakaa bweni, mtoto mpole mwenye viatu vilivyomzidi mguu na mwandiko mzuri kuliko wa walimu wengine. Kidato cha tano na cha sita alisoma historia na jiografia, akaenda jeshi la kujenga taifa, na huko akachaguliwa kwenda kusomea uafisa. Habari ilipofika Kwamsisi ilisomwa dua, ukapikwa pilau, watu wakala mpaka wakaacha. Tangu siku ile wanawake wa kijiji wakaanza kumwita Fatu "Mama Afande". Muhsin mwenyewe aliitwa Afande kabla hajavaa hata soksi ya jeshi. Alipanda basi na jina hilo, na nadhani lilikuwa zito kuliko begi lake.

Aliniambia kwamba wiki ya kwanza tu mkufunzi wa hesabu aliwaeleza wazi. Anayeona somo linamshinda aseme mapema, ndani ya wiki mbili. Kila Jumamosi alasiri kuna masomo ya ziada, hakuna atakayeandikwa vibaya kwa kuhudhuria, na kusubiri mpaka mtihani ni kujimaliza mwenyewe. Katika kundi lao alikuwapo kijana wa Bungu, huko juu milimani, Msambaa aitwaye Simeo, ambaye kwa hesabu alikuwa hoi kuliko Muhsin. Wiki ya pili Simeo alisimama mbele ya wenzake wote akasema, "Afande, mimi hapa sijui kitu." Darasa zima lilicheka. Wakambandika jina la Sijui, na Sijui akawa anakwenda kila Jumamosi na daftari lake kwapani.

Muhsin naye alicheka. Mkufunzi alipopita kwenye meza yake akamwuliza kama yuko pamoja, alijibu, "Nimeelewa, afande." Alilisema neno hilo kutoka Oktoba mpaka Desemba. Mwanzoni lilikuwa gumu kutoka, akasema, baadaye likawa linatoka lenyewe. Majibu ya mtihani yalipobandikwa, Simeo alikuwa amepita kwa alama mbili juu ya mstari, na Muhsin alikuwa wa mwisho.

Nilimwuliza kwa nini hakusimama kama mwenzake. Alifikiri kidogo, kama mtu anayetafuta neno lisilo na ukali.

"Kwako tulijifunza kukaa, mwalimu."

Hakulisema kwa ubaya. Nilijua anasema nini. Mwisho wa kila kipindi nilikuwa na desturi yangu: asiyeelewa asimame. Aliyesimama nilimweleza upya, lakini kwa maneno ya kumweleza mjinga, na alibaki wima mpaka kengele huku wenzake wakimcheka. Ikifika mwezi wa pili hapakuwa na anayesimama. Nilikuwa nikijisifu katika ofisi ya walimu kwamba darasa langu huelewa lote, kila mmoja amekaa. Nilitegemea moyo uniume nilipoyasikia hayo kibarazani kwangu. Haukuuma. Ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu ukafa ganzi. Nikainuka nikaenda kutafuta karatasi.

Nilimwandikia swali la kwanza: robo tatu jumlisha theluthi mbili. Aliandika jibu haraka, kwa mwandiko wake ule mzuri: tano kwa saba. Alikuwa amejumlisha vya juu kwa vya juu na vya chini kwa vya chini. Hilo ni kosa la darasa la tano, na mbele yangu alikuwa amekaa mtu mzima aliyefundishwa kulenga shabaha.

Sasa niseme lililo langu. Sikushangaa. Muhsin alipokuwa kidato cha pili niliwapa yeye na wenzake swali la mtihani wa miaka ya nyuma, ila nilibadilisha namba. Alinirudishia kazi safi, hatua zote, mistari imepigwa kwa rula, na chini kabisa jibu sahihi la swali lile la zamani. Alikuwa amejibu kikamilifu swali ambalo sikumwuliza. Niliishika karatasi ile nikajua kwamba mtoto huyu hajui hesabu, anakariri. Nilisema nitamwita wiki ijayo. Wiki ijayo ukaja mtihani wa taifa, naye alikuwa amekariri vya kutosha, akapata B, shule ikapanda wilayani, nami nikapewa cheti mbele ya wenzangu. Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa niliuona, nikaupaka chokaa.

Alikaa kwangu siku nane, chumba cha wanangu waliokwishahama. Aliamka saa kumi na moja alfajiri, akalikunja blanketi likawa na kona nne, akafagia uwanja bila kuombwa. Tulianza na machungwa na kisu, kama watoto wadogo. Siku ya nne alikuwa anajumlisha sehemu bila kunitazama usoni kutafuta kama amepatia. Siku ya sita tuliingia kwenye milinganyo, akawa anauliza kwa nini, neno ambalo sikuwahi kulisikia kwake katika miaka minne ya kumfundisha. Nilipomwuliza anajisikiaje, alinijibu kwamba hajisikii chochote, mwalimu, tangu Januari. Alikula nilichompa. Ukimtania alitabasamu upande mmoja wa mdomo, kwa heshima tu.

Hakuwa mjinga hata kidogo, na hilo ndilo lililonichosha zaidi. Ningepewa siku zile tisini ningemfikisha. Nasema hivi kama mwalimu anayejua kazi yake, wala si kwa huruma. Jumapili, siku moja kabla ya mtihani, alipanda basi la asubuhi. Mada tulizokuwa hatujazigusa zilikuwa tano.

Alhamisi alinipigia simu kutoka stendi ya Korogwe.

"Thelathini na nne, mwalimu. Walitaka hamsini."

Nikasema pole. Akasema asante. Akaongeza, kama anayesoma tangazo, kwamba Simeo alimsubiri nje ya chumba cha mtihani, wakanywa chai pamoja, na Simeo akamwuliza kwa nini hakumwambia tangu mwanzo, wangekuwa wanakwenda wote Jumamosi. Nilimwuliza alimjibu nini.

"Naomba msaada, mwalimu," alisema. "Twende wote kwa mama. Yeye anajua niko likizo."

Kesho yake tulipanda basi hadi Mkata, na kutoka pale tukapakiana kwenye pikipiki moja, dereva mbele, mimi kati, Muhsin nyuma na begi lake. Barabara ilikuwa tope. Tulipokaribia Kwamsisi watu walioko mashambani walimpungia, "Afande, umerudi!" na kila mara nilihisi mkono wake mmoja ukiniachia bega, akiinua kuwajibu.

Fatu alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua kunde kwenye ungo. Aliniamkia, akanitolea kiti na maji kwenye kikombe, akauliza habari za Korogwe na za watoto wangu kwa majina yao. Ni mwanamke mwembamba mwenye mikono mikubwa ya jembe. Furaha yake ya kuniona ilikuwa ya kweli, na ilinifanya nitamani kurudi nilikotoka. Muhsin hakukaa. Alisubiri salamu ziishe.

"Mama, sikuwa likizo," alisema. "Nilifeli hesabu. Wakanipa nafasi ya kurudia, na nimefeli tena. Sirudi chuoni."

Mikono ya Fatu haikusimama. Aliuliza ni tangu lini. Muhsin akamwambia tangu Januari. Akauliza kama siku zote zile wakipalilia pamoja alikuwa na jambo hili kifuani. Muhsin akasema ndiyo. Fatu akatoa punje mbovu, akaitupa pembeni, akatoa nyingine.

"Na mimi nakuita Afande," alisema.

Muhsin hakulia. Ingekuwa heri angelia, tungepata la kufanya sisi wanawake wawili. Alisimama vilevile, visigino pamoja. Kisha mama yake akanigeukia mimi.

"Mwalimu, na wewe ulijua lini kwamba hajui?"

Ningeweza kusema wiki mbili zilizopita. Muhsin asingenipinga, maana siri niliyoiona kwenye ile karatasi hakuijua. Nilimwekea alama zake siku ile nikamrudishia bila neno. Hakuna aliyeijua ila mimi. Mbele yangu Fatu alisubiri jibu bila shaka yoyote usoni, kama mtu anayeuliza saa.

"Kidato cha pili," nilisema.

Muhsin aliinua kichwa. Fatu aliacha kuchambua.

"Kidato cha pili nilikuja kwenye kikao cha wazazi," alisema. "Nilitoka hapa jana yake, nikalala Mkata. Ukaniita mbele, ukawaambia wazazi wenzangu mtoto wangu ni mfano, wanipigie makofi."

"Ndiyo."

"Wakapiga."

"Ndiyo, walipiga."

Akaitazama ile mikono yake juu ya ungo.

"Ungeniambia siku ile ningekuomba umfundishe. Nisingeona haya, mwalimu. Mimi sikusoma, naomba kufundishwa kila siku."

Nilisema samahani. Nililisema neno lenyewe, wazi, kwa mama na kwa mwana, na papo hapo nikaona limechelewa miaka saba na halitoshi. Fatu aliitikia kwa kichwa, kama unavyomwitikia mtu aliyekukanyaga mguu sokoni. Muhsin alikuwa bado ananitazama. Usoni mwake hamkuwa na hasira wala ahueni, alinitazama tu, kama alivyokuwa akiutazama ule ukurasa wa daftari. Kisha akamsogelea mama yake, akachuchumaa mkekani, na wote wawili wakaanza kuchambua kunde.