Paa la Nyasi Mwaka wa Vita

Nyasi zilizokatwa alfajiri zina harufu yake: ubichi, udongo, na utamu kidogo kama wa muwa uliopasuliwa. Harufu hiyo ilijaa kijijini kwetu, milimani juu ya Bigwa, mwaka nchi yetu ilipopigana na Uganda. Nilikuwa darasa la pili. Wanakijiji walikuwa wamefyatua matofali na kusimamisha kuta za zahanati, na serikali ilikuwa imeahidi kuleta mabati, kisha nesi. Hakuna aliyeisubiri zahanati ile kama Mama. Mtoto aliyenifuata mimi alizaliwa njiani, kwenye mteremko wa kwenda mjini, na hakupata kulia. Sasa Mama alikuwa mjamzito tena.

Mabati hayakuja. Malori yaliyozoea kuchukua kabichi zetu yalikwenda Kagera kubeba askari na unga. Sukari iliadimika, na sabuni tuliikata vipande vyembamba hadi vikapitisha mwanga. Vijana wengi waliondoka na mgambo, akiwamo Shabani, mwana wa jirani yetu Bi Zena. Tulijua adui amevuka mpaka, na hakuna aliyewazuia vijana. Lakini wapiganapo tembo nyasi huumia. Mkutanoni, mwenyekiti wa kijiji alitangaza, kwa sauti ya mtu anayeona haya, kwamba zahanati ingesubiri vita viishe. Kwetu Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, kwa hiyo mwanamke akisimama mkutanoni husikilizwa kwa haki yake, si kwa hisani. Mama alisimama, mkono kiunoni.

"Mwenyekiti, mabati yamekwenda vitani," alisema. "Mimba hazikwenda."

Bi Zena akaongeza kwamba ngojangoja huumiza matumbo, wanawake wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichofunga mkutano. Kesho yake wawili hao waliteremka mjini kumuuliza bwana mganga wa wilaya kama angekubali kumpeleka nesi chini ya paa la nyasi. Aliwajibu kwamba akikuta halivuji, atampeleka.

Kuezeka kulikuwa kazi ya wanaume, na waliolijua jambo hilo vizuri walikuwa mbali, wameshika bunduki. Wanawake wakapanda wenyewe. Sisi watoto tulibeba matita ya nyasi kutoka bondeni, shingo zikituwasha hadi usiku. Upande mmoja ulipeperushwa na upepo, wakaufumua na kuanza upya bila manung'uniko. Mama alikatazwa kupanda, basi akawa anakaa ndani peke yake, ameinua uso, akitafuta vitundu vya mwanga na kuwaelekeza wenzake waliokuwa juu. Bwana mganga alikuja siku ya mvua kubwa. Alisimama katikati ya chumba akitazama juu mpaka mvua ilipokatika, akapangusa miwani yake, akasema nesi angekuja wiki ile ile. Sijawahi tena kuona watu wazima wakikumbatiana namna ile.

Mdogo wangu Anna alizaliwa humo masika yalipopamba moto, na kilio chake tulikisikia tuliokuwa nje. Sitaki kuipamba zahanati ile. Dawa zilikuwa haba, na siku nyingine nesi hakuwa na kitu ila maji ya moto na maneno mazuri. Hata hivyo Shabani aliporudi na jeraha la paja lisilotaka kupona, alisafishwa humo kila asubuhi hadi akatembea, na Bi Zena akimwonyesha tita baada ya tita alilolifunga kwa mikono yake.

Leo zahanati ina mabati, umeme wa jua na friji ya chanjo, na Anna mwenyewe ni mama wa watoto watatu. Mimi nafundisha mjini, Mazimbu, na wanafunzi wangu hupenda kubishana juu ya bajeti ya jeshi na ya hospitali. Huwaambia kwamba nchi isiyolinda mpaka wake haina pa kujenga zahanati. Lakini katika nchi maskini bunduki hainunuliwi kwa fedha ya ziada, na kila inaponunuliwa yupo mahali fulani anayelala bila paa. Mwaka jana nilimuuliza Mama, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, kama wakati ule aliikasirikia serikali.

"Nchi ilikuwa na mikono miwili tu, mwanangu, na yote ilishika bunduki," alisema. "Ikabidi tuiazime mikono yetu."