Jiwe la Kijani Chini ya Kiti

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka nimekaa na watu hucheka peke yangu, nao wakatazamana wakidhani uzee umeshanipanda kichwani. Ni siku niliyokwenda Samad Ash Shan, Oman, kuposa, nimevaa kanzu mpya, nanukia udi, naendesha pikapu ya Kimarekani niliyoifufua kwa mikono yangu miwili. Niliingia mji ule kama bwana mkubwa. Nilitoka nimelowa mpaka kiunoni.

Kwanza nikusimulie gari lenyewe, maana nililipenda, na mpaka leo nalipenda. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Sisi tuliotoka Unguja tulikuwa bado wageni Ibra, Kiarabu chetu cha kuokotezaokoteza, na mimi nilikuwa fundi wa mashine za kuvutia maji mashambani. Nyuma ya ghala moja palitupwa pikapu kuukuu, imeachwa na watu waliokuja kuchonga barabara, na mbuzi walikuwa wameigeuza nyumba yao. Mmoja alikuwa amezalia kwenye kiti cha dereva. Mwenye ghala akaniambia, "Ukiweza kuwatoa mbuzi, gari lako." Kuwatoa mbuzi kulinichukua siku mbili.

Lakini gari lile, mwanangu! Boneti pana mtu angeweza kulala juu yake akajigeuza. Taa mbili za mviringo, kama macho ya mtu aliyeshtushwa. Kwetu Unguja dereva hukaa kulia, basi wiki ya kwanza nilikuwa nafungua mlango wa kulia, nakaa vizuri, nanyoosha mikono, nautafuta usukani siuoni. Karbureta niliichemsha katika sufuria ya shangazi yangu. Wali wa siku ile ulinuka petroli, na shangazi hakunisemesha mpaka Ijumaa. Niliupiga mwili wote msasa mpaka ncha za vidole zikawa laini. Rangi niliomba iliyobaki baada ya kupakwa milango ya skuli, kijani cha embe bichi. Bampa nililisugua kwa majivu na ndimu mpaka ukilitazama unajiona una mashavu.

Kitu kimoja tu sikukitengeneza, nacho ni breki ya mkono. Waya wake ulikuwa umekatika huko chini ya tumbo la gari, na nilijiambia, nani atakayeinama kuutazama? Nikawa kila nikisimama mahali natia jiwe chini ya tairi. Na kwa kuwa jiwe lilikuwa baya kukaa karibu na gari zuri namna ile, nikalipaka na lenyewe rangi ya kijani. Mara mbili, ili likolee.

Sasa, binti niliyemtaka akiitwa Zuwena. Nilimwona kwenye harusi ya jamaa zetu, akanicheka Kiarabu changu mbele ya watu, nikampenda papo hapo. Wazee wake waliishi Tabora zamani, kwa hiyo Kiswahili kilikuwamo nyumbani kwao. Tatizo lilikuwa baba yake, Mzee Khalfan. Huyo alikwisha kataa wachumba wawili: mmoja kwa kuvuta kahawa kwa sauti, wa pili kwa kuinuka kabla mwenyeji hajamaliza kusema. Nilijua kabisa kwamba nikikosea siku ile, sipati nafasi nyingine, na Zuwena ataolewa na mtu anayejua kunywa kahawa.

Ami yangu Nasor, aliyekwenda nami kuposa, alinisomesha njia nzima. Yeye aliondoka Oman mdogo sana akarudi mtu mzima, lakini mbele yetu alijifanya mjuzi wa kila mila. "Huku wana utaratibu wao," akasema. "Utakula tende, utakunywa kahawa, kisha ataliuliza lile swali lao, kuna habari? Jibu lako ni moja tu: hakuna. Atauliza tena, hakuna. Atauliza tena, hakuna! Hata kama nyumba inaungua, Rashid, wewe hakuna." Nikaona si jambo geni. Hata kwetu mtu huulizwa habari za nyumbani akajibu njema, ndipo akasema bibi amefariki.

Nyumba ya Mzee Khalfan ilikuwa juu, na mbele ya mlango njia ikiteremka moja kwa moja mpaka shamba lake la mitende, penye falaj, ule mfereji unaogawa maji kwa zamu. Nikasimamisha gari pua ikitazama bondeni. Nikapenyeza mkono chini ya kiti kulitafuta jiwe langu, nikalishika, na papo hapo nikaona dirisha la ghorofani likifunguka kidogo. Mwanangu, niliona haya. Mchumba anakuja na pikapu inayong'ara, kisha anainama kutia jiwe kama mchukuzi wa mkokoteni? Nikalirudisha jiwe, nikaliacha gari kwenye gia, ingawa nilijua kwamba gia ile ina tabia ya kuchomoka.

Tukakaribishwa sabla, yaani sebule ya wageni, ambayo madirisha yake huwa chini karibu na sakafu ili aliyekaa aone nje. Mimi nilikaa nikilitazama dirisha. Mzee Khalfan, mfupi, ndevu nyeupe, alitumiminia kahawa mwenyewe kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine na birika lake.

"Shei ulum? Shei khabar?" akauliza. Kuna jipya? Kuna habari?

"Hakuna, Bwana, ila kheri," nikajibu, na huku nikaiona taa moja ya gari langu ikisogea kidogo dirishani.

"Huko Ibra je, hakuna habari?"

"Hakuna kabisa." Sasa mlango ulikuwa unapita. Nilimtazama ami. Ami alikuwa ameligeuzia dirisha mgongo, ananiashiria kwa kichwa kwamba nafanya vizuri sana.

"Na njiani hamkuona jambo?"

"Hatukuona," nikasema, na mbao za nyuma, zile nilizozipaka mafuta ya ufuta ubao mmoja mmoja, zikamalizikia dirishani zikatoweka. Mkono ukanitetemeka na kikombe kikatikisika. Huko ukitikisa kikombe maana yake umetosheka, basi Mzee Khalfan akakichukua kwa heshima zote. Ndipo kukasikika kishindo, kisha sauti za wanawake.

"Ulikuja na gari?" akaniuliza taratibu.

"Ndiyo, Bwana."

"Liko wapi?"

Nikachungulia dirishani kama mtu asiyejua. "Lilikuwa hapo," nikasema.

Tulishuka mbio. Pikapu yangu ilikuwa imetumbukiza tairi za mbele katika falaj, bampa limeziba mfereji, na maji ya zamu ya Mzee Khalfan yanakwenda zake shambani kwa jirani. Niliruka ndani ya maji na kanzu yangu mpya, nikasukuma, na gari halikutikisika. Kando walisimama Zuwena na mama yake, mama ameshika ungo wa tende. Jamvi alilokuwa amelikalia akichambua tende lilikuwa chini ya tairi ya nyuma. Alikuwa ameinuka kidogo tu, kufuata ungo mwingine. Nilipoliona jamvi lile niliacha kusukuma.

Mzee Khalfan hakupiga kelele. Alitia mkono ndani ya gari akatoka na jiwe langu. Akaligeuza juu, akaligeuza chini.

"Hili lako?"

"Langu, Bwana."

"Umelipaka na chini."

"Ndiyo, Bwana."

"Yaani ulipata wakati wa kupaka rangi jiwe, mpaka tumbo lake, usipate wakati wa kutengeneza breki."

Zuwena alicheka nyuma ya shela yake. Baba yake hakucheka. "Mke wangu alikuwa amekaa hapa," akasema. "Nami nimekuuliza mara tatu kama kuna habari, na habari inateremka mbele ya macho yako."

Ami Nasor akajitia kunitetea. "Sheikh, ni adabu. Mimi ndiye niliyemfundisha aseme hakuna."

"Umemfundisha nusu," akasema mzee. "Mtu husema hakuna, kwa adabu, akamwacha mwenziwe atulie. Kisha husema yaliyopo! Sisi tunauliza ili tujue." Ami akawa anaitazama mitende, mmoja mmoja.

Watu wa mji na punda wawili walilitoa gari lile kwa kamba za nyuzi za mtende. Mzee Khalfan akanirudishia jiwe mkononi. "Rudi gari litakapokuwa na breki," akasema. "Utalisimamisha pale pale, bila jiwe, nami nitakaa mbele yake ninywe kahawa yangu."

Mwezi mzima sikugusa rangi wala bampa. Nililala chini ya gari, nikaunda waya mpya, nikabadilisha springi, nikalijaribu kila mteremko kati ya Ibra na Mudhaibi. Wapita njia walimwona kijana anapanda kilima, anasimamisha gari, anashuka, analikodolea macho, anapanda tena. Walinionea huruma.

Siku niliyorudi, Mzee Khalfan alilichukua jamvi lile lile, akalitandika chini ya bampa, akakaa ameligeuzia gari mgongo, akamimina kahawa.

"Shei ulum?"

"Hakuna, Bwana."

"Shei khabar?"

"Hakuna." Kisha nikavuta pumzi. "Ipo, Bwana. Redieta inavuja. Taa ya kushoto huwaka ikitaka yenyewe. Gia bado inachomoka. Breki ya mkono inashika, nimeijaribu mpaka nimechoka, lakini nakuomba uondoke hapo, kwa kuwa mimi mwenyewe naogopa."

Alimaliza kikombe chake pole pole. "Leo nimekusikia," akasema. Hakuondoka, akanywa na cha pili, akakitikisa. Ndipo akaagiza Zuwena aulizwe, na jibu likatoka nyuma ya mlango, kwa sauti ya kucheka: "Mwambieni aje na jiwe lake."

Baadaye, miaka ya themanini, nilifufua pikapu nyingine tatu, moja ya mtu wa Sur na mbili za Nizwa, na kila moja nilianza kwa kulala chini yake. Wenyewe walikuwa wakija kuniuliza rangi imefika wapi, nami nikiwaambia rangi bado.

Basi nikwambie, mwanangu, na ulishike. Kile unachokionea haya ndicho cha kutengeneza kwanza, kabla ya kile unachotaka watu wakione. Ukiwa hujakitengeneza, toa jiwe lako ulitie mbele ya kila mtu, na anayetaka kucheka acheke. Adabu ishike, sikwambii uiache, lakini ukiona gari linaanza kuteremka weka kikombe chini useme. Usingoje uulizwe mara ya nne, maana huenda mama wa mtu amekaa huko bondeni anachambua tende.

Kwa jiwe lile Zuwena huzuia mlango wa sebuleni mpaka leo. Juu rangi imebanduka yote, ila chini bado kijani kibichi, kwa kuwa nililipaka vizuri. Kila nikirudi nyumbani yeye huniuliza, "Kuna habari?" Nami humwambia zote.

Mola akujaalie, mwanangu, mwenza atakayekucheka usoni pako, na mkwe atakayekupa nafasi ya pili. Na siku kitu chako kitakapoanza kuteremka, akupe ulimi wa kusema mapema, na amwinue kila aliyekaa njiani kabla hakijamfikia. Amin.