Sentensi Yangu ya Kwanza

Usiku ule nililala na furaha ya mtu aliyemaliza kazi kubwa. Kesho yake tulikuwa tunafungua madarasa mawili na kisima, vyote nimejenga mimi, kwa tofali za yadi yangu na mchanga uliobebwa na matipa yangu, katika shule ileile niliyoiacha nikiwa darasa la tatu. Sifichi, kusoma kwangu ni kidogo. Lakini nionyeshe ukuta wowote uliosimama vizuri mji huu, nami nitakuambia tofali lake lilitoka kwa nani.

Mwalimu Mkuu alikuwa ametunga wimbo, watoto wameukariri wiki tatu: *Maji haya kayaleta Bosi Salehe*. Na picha yangu, nimevaa suti, ilikuwa sebuleni ndani ya fremu kubwa, imeegemea ukuta, inasubiri kwenda kutundikwa juu ya ubao. Nikasinzia nikiuimba ule wimbo moyoni.

Basi nikamwona Mwalimu Athumani, yule aliyenifundisha kuandika. Amefariki zamani, na jeneza lake nililibeba mimi. Alikuwa amekaa sebuleni kwangu, ukingoni mwa kochi la ngozi, kama mgeni anayeogopa kuchafua. Shati lilelile la mikono mifupi, kipande cha chaki mfukoni.

"Umenenepa, Salehe."

"Nimefanikiwa, Mwalimu."

"Naona. Hata paka wako ana kitambi."

Nikacheka. Nikataka kumtembeza aione nyumba, vigae, dari, taa. Nikafungua mlango wa chumba cha kulia, na nyuma yake hakuna chumba cha kulia. Kuna darasa letu la zamani. Naingia, na miguu yangu haina viatu, kaptula ya kaki imenibana. Watoto wanaimba wimbo wa kila asubuhi wa enzi zile: *Kiongozi katupa mvua, Kiongozi katupa mahindi*. Picha ya Kiongozi iko juu ya ubao, na chini yake liko lile sanduku.

Niwaeleze habari ya sanduku, maana vijana wa leo hawalijui. Enzi zile, kila Jumatatu, kila mwanafunzi alitumbukiza humo karatasi yenye sentensi moja: jambo alilolisikia wiki iliyopita, nyumbani au popote, na jina la aliyelisema. Tuliambiwa huo ndio uzalendo. Nani alikuwa anazisoma, hatukujua. Asiye na sentensi alichapwa, na mimi nilichapwa Jumatatu nyingi kwa sababu sikujua kuandika. Ndipo Mwalimu Athumani akaanza kunibakiza jioni, ananishika mkono, herufi moja moja, mpaka zikakaa.

Mwaka huo ulikuwa wa ukame. Mwenzetu mmoja akauliza darasani mbona tunaimba Kiongozi katupa mvua, na mvua yenyewe hakuna. Mwalimu akasema taratibu, "Mvua hailetwi na mtu."

Niliipenda sentensi ile. Ilikuwa fupi, na herufi zake zote nilikuwa nazijua. Niliifanyia mazoezi mchangani mpaka ikanyooka, na Jumatatu nikaitumbukiza sandukuni, sentensi yangu ya kwanza, na chini yake jina lake, kwa heshima kabisa. Nilidhani namsifu. Jumatano wakaja kumchukua.

Alirudi baada ya miaka, meno ya mbele hayapo, akauza mkaa mpaka akafa. Chaki hakuishika tena. Na mimi shule niliiacha wiki ileile. Watu nimewaambia niliacha kwa kukosa ada. Si kweli.

Sasa Mwalimu anafungua lile sanduku. Ndani kuna karatasi moja tu.

"Soma."

Nasoma. Sauti yangu ni ya kitoto.

"Nukta uliweka?"

"Niliweka, Mwalimu."

Anaigeuza karatasi nione. Ina alama ya vema, kwa wino mwekundu.

"Hii nilishaisahihisha. Ulikuwa mtoto, na mwandiko ulikuwa mzuri. Sikuja kwa ajili ya hii."

Ananyanyua kidevu kuelekea ubaoni. Picha iliyo pale si ya Kiongozi tena. Ni mimi, na suti yangu. Watoto wameanza upya, na sasa wanaimba *kayaleta Bosi Salehe*. Dawati la mbele amekaa msichana mdogo ambaye haimbi. Amenyoosha mkono juu, na hakuna anayemwona. Mkono unachoka, anaushikilia kwa mkono wa pili.

"Anataka nini?" nauliza.

"Muulize. Si darasa lako?"

Namuuliza. Anasimama.

"Kwani maji hayakuwamo chini siku zote?"

Hasira ikanipanda. Mimi ndiye niliyechimba! Nikaona nimeshika fimbo, sijui tangu saa ngapi. Mwalimu Athumani ananitazama. Ananitazama tu kama alivyonitazama siku ile wanampandisha gari. Fimbo ikaniponyoka.

"Yalikuwamo, mwanangu," nikasema. "Mimi nilichimba tu."

Wimbo ukakatika. Mikono ikanyooka, mmoja, mitatu, darasa zima, kama shamba la mahindi lililopata mvua. Mwalimu akacheka, na meno yake yote yapo.

"Salehe," akasema, "niachie darasa lenye mikono juu."

Nikazinduka. Nje kunapambazuka.

"Baba Rukia, unamnyooshea nani mkono?" mke wangu ananiuliza.

Kweli, mkono wangu ulikuwa juu. Nikaushusha, nikamweleza yote, sanduku, karatasi, Jumatano. Tuna miaka ishirini pamoja na hakuwahi kuyasikia. Akaushika ule mkono.

"Kwa hiyo wimbo?"

"Hakuna wimbo. Nampigia Mwalimu Mkuu sasa hivi. Watoto wakae, waulize wanachotaka, mpaka tuchoke."

"Na suti?"

"Suti navaa! Nimejenga madarasa mawili, Mama Rukia, niende kama fundi wa kupaka rangi?"

Akacheka mpaka akajifunika shuka.

Nikaenda sebuleni, moyo mwepesi. Nikaifungua fremu, nikaitoa sura yangu, nikaiweka kando. Fremu yenyewe ni nzuri, niliichagua mwenyewe. Nikakata karatasi ya manila, nikachukua kalamu nene, na kwa mkono huu uliofyatua tofali za nusu ya mji nikaandika tena ile sentensi yangu ya kwanza, polepole, herufi moja moja. Nukta nikaiweka.

Na chini yake, kama mara ile, nikaandika jina la aliyeisema.