Perege Walikuwa Hawajamaliza

Ningeweza kusema sijui. Lingekuwa jibu fupi, tena la kweli. Lakini jumbe aliponiuliza mbele ya wakulima kama perege wa bwawa letu wamekwisha kuzaa, nilikubali kwenda kuangalia na kutoa jibu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, upande wa Mofu, nami nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka sekondari. Bwawa lile lilikuwa mkondo wa zamani wa mto. Wakati wa masika mto ulifurika, maji yakaingia humo na kutanda majanini, na perege wakayafuata hadi kwenye kina kifupi kuchimba viota vyao. Mto ulipoanza kushuka, wavuvi waliziba mdomo wa bwawa kwa tuta la udongo na matete ili maji yasiwakimbie samaki kabla hawajazaa. Tuta halikufunguliwa mpaka mjomba wangu aseme.

Mjomba ndiye aliyenilea baba alipofariki, na nilisomeshwa kwa samaki wakavu wa bwawa lile. Alijua mambo yake kwa miguu. Aliingia majini taratibu, akipapasa chini kwa nyayo. Kiota kikiwa na mchanga safi, alisema, dume bado anakifagia, maana yake majike bado wanakuja. Kikijaa tope, kazi imekwisha.

Mwaka ule maji yalichelewa kushuka. Mpunga wa mashamba ya kando ulikuwa umeiva, masuke yamelala kwenye maji yaliyozuiwa na tuta, na watu walinung'unika kwamba mzee anawahurumia samaki kuliko binadamu. Yeye alikuwa amewaomba wasubiri hadi mwezi uandame. Shamba langu la kwanza lilikuwa miongoni mwa yale, na mavuno yake nilikuwa nimeyapangia harusi yangu. Siku jumbe alipokuja kuniuliza, mjomba alikuwa Ifakara, amempeleka mkewe hospitali. Angerudi baada ya siku tatu.

Nilichukua kimia, wavu wa kutupa kwa mkono, nikakitupa mara nne. Kila mtu wa bonde anajua kwamba perege jike huatamia mayai mdomoni, kwa hiyo nilifungua mdomo wa kila jike niliyemvuta. Midomo yote ilikuwa mitupu. Nikarudi nikatangaza kwamba wamemaliza, tena nilieleza kirefu, kama mwalimu. Mzee mmoja akacheka, akasema sasa kijiji kimepata mganga wa samaki. Nilifurahi kuitwa hivyo. Kabla ya adhuhuri majembe yalikuwa yamelikata tuta.

Maji yalikwenda haraka kuliko nilivyodhani. Siku ya tatu kando ya bwawa ilikuwa tope tupu, na juu ya tope vilionekana viota, vimepangana kama sahani, vingi kuliko nilivyowahi kuwaza. Ndani yake mchanga ulikuwa mweupe. Madume kadhaa walipigapiga mikia kwenye vidimbwi vilivyobaki, na korongo walitembea katikati yao bila haraka. Majike waliokuwa na mayai walikuwa wamesombwa hadi mtoni, kwenye maji ya kasi na vinywa vya kambale.

Mjomba alifika jioni hiyo. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, akapita moja kwa moja hadi kwenye tope. Alichuchumaa, akaingiza vidole katika kiota kimoja. Mkulima aliyekuwa akipita akamtania kwamba samaki watarudi, lakini mpunga ukioza haurudi. Mjomba aliniuliza niliwaangaliaje, nikamweleza.

"Uliwafungua midomo wakiwa majini au kwenye kimia?"

"Kwenye kimia, mjomba."

"Perege akivutwa hutema. Hutema wanawe wote ili wakimbie. Wewe umekagua midomo iliyokwisha kutema."

Akaendelea kwa sauti ile ile ya chini.

"Kwa nini hukunisubiri?"

"Mpunga ulikuwa unaoza."

"Mpunga wa nani?"

Alijua shamba langu lilipo. Alikuwa amenisaidia kulilima.

Nilivuna vizuri, nikaoa. Masika yaliyofuata maji yaliingia kama kawaida, lakini kwenye kina kifupi hapakuwa na viota ila vichache. Wavuvi walivua kambale kidogo, wakaanza kutawanyika. Mjomba alisubiri mwaka mmoja zaidi. Kisha alifunga nyavu zake, akahamia kwa ndugu zake upande wa Mahenge kulima mihogo, kazi asiyoipenda. Nilijiambia nitamfuata nikamwombe radhi mambo yakitulia. Nilichelewa, kwanza kwa aibu, halafu kwa mazoea.

Habari ya kifo chake ilinifikia alipokuwa amekwisha kuzikwa. Nilipofika, watu waliomzika waliniuliza mimi ni nani kwake. Hakuwa amewahi kunitaja. Kwa jibu nililolitoa siku ile nilimnyang'anya kazi yake, nikampoteza yeye mwenyewe, na msamaha wake sikuupata.