Jumamosi ya Malengo

Mackrine alikuwa mtu wa kusema hapana. Niliseme hilo mapema, maana waliomfahamu mwaka huu tu wanadhani Mungu alimuumba akiwa anaitikia kila kitu. Mimi ni dereva wa halmashauri ya mji wetu hapa Karagwe, yeye ni katibu muhtasi wa Mkurugenzi, na miaka yote niliyomjua hakuna diwani aliyepita mlangoni pake bila miadi, hata angekuja na tabasamu la namna gani. Alikuwa anakutazama juu ya miwani mpaka unakumbuka kwamba ulikuwa na safari kwingine.

Kisha mume wake, Novatus, akafa. Alianguka asubuhi kibanjani kwake Ihanda, shamba linaloizunguka nyumba yao, akiwa anapunguza majani ya migomba, na hospitali hakufika. Tukamzika humo humo kibanjani, kama tunavyozikwa huku, na upande wake wa kushoto ikaachwa nafasi ya mke. Mackrine hakulia. Wanawake walimngoja alie ili nao wapate pa kuanzia, wakachoka, wakaanza wenyewe. Haukupita muda akarudi kazini, akapanga chumba mjini, na nyumba ya Ihanda akamwachia shemeji yake, Yustus, aiangalie. Tangu hapo neno lake likawa moja: sawa. Ukimpa pole, sawa. Sukari imekwisha, sawa. Siku moja nilimwambia kwamba blauzi yake ameigeuza ndani nje, akasema sawa, akashinda nayo vile vile.

Katika hali hiyo ndipo Mkurugenzi alipopata wazo la kikao kazi. Madiwani na watumishi watoke ofisini, wakae mahali penye utulivu siku nzima, waweke malengo ya mji ya miaka kumi. Kwa nini malengo hayawekeki ofisini, sikuelezwa, na mimi kazi yangu ni usukani. Madiwani, wengi wao Wakatoliki, walikiita mafungo, na mmoja akauliza kama na chakula nacho kitafungwa, maana kama ni hivyo yeye anatoa udhuru kabisa. Mkurugenzi alitaka Bukoba, ziwani. Bajeti ikamrudisha Kiruruma, kwenye ukumbi wa parokia. Kazi yote ya maandalizi akaangushiwa Mackrine.

Na aliifanya vizuri, hilo ndilo lililonitisha. Alitafuta mwezeshaji, jenereta, viti na mpishi. Alipanga nani akae mbali na nani, kwa sababu tuna madiwani wawili ambao tangu ugomvi wa stendi hawawezi kukaa meza moja bila mmoja kusimama. Hakusahau kitu wala hakufurahia kitu. Alifanya yote kama mtu anayeosha vyombo vya jirani.

Nilikuwepo ofisini siku mzee Rwezaura alipokuja. Huyu ni baba mdogo wa Novatus na ndiye mkubwa wa ukoo wao. Alishuka kwenye bodaboda, akavua kofia, akaingia. Mackrine alikuwa na simu sikioni akizungumzia viti, akampa shikamoo, mzee akaitikia, kisha akamweleza kwamba ukoo umekubaliana siku ya kumaliza matanga, Jumamosi baada ya watu kuanua kahawa. Mackrine akasema sawa, akamuuliza mtu wa simu kama viti vina migongo. Mzee alisimama kidogo akingoja neno jingine. Hakulipata, akavaa kofia yake akaondoka.

Sasa, siku ya kumaliza matanga katika ukoo ule si ya kunywa na kuagana tu. Novatus na Mackrine hawakujaliwa mtoto. Kwa hiyo siku hiyo mjane huketi juu ya mkeka mbele ya nyumba, na mkubwa wa ukoo humuuliza mbele ya watu kama anabaki au anarudi kwao. Akisema anabaki, kibanja kinakuwa mikononi mwake mpaka afe, na akifa analala pale kushoto. Mkeka ukiwa mtupu, basi amejibu: ameondoka, na ndugu wa mume anachukua. Sheria ya serikali ipo, kila mtu anajua ipo, lakini mimi sijamwona aliyeifuata mahakamani akarudi kula ndizi kwa amani na mashemeji.

Wiki ile ile Mkurugenzi alimuuliza kikao kiwe lini. Mackrine akatazama kalenda ya ukutani. Akaondoa siku za gulio, akaondoa kipaimara cha Wakatoliki na cha Walutheri, akabakiwa na Jumamosi moja ambayo haikuwa na alama yoyote. Haikuwa na alama kwa sababu ile ya matanga yake hakuiweka. Akatangaza hiyo.

Asubuhi ya siku yenyewe nilikuwa nashusha mikungu ya ndizi nyuma ya ukumbi, kwa Ingabire. Ingabire ndiye mpishi wetu wa shughuli zote. Babu yake alikuja kutoka Rwanda akiwa kibarua wa kahawa, na leo hakuna mkubwa anayepita mji huu bila kula mapishi ya mjukuu wake. Mackrine alikuja kukagua. Kwenye shina la mkungu mmoja kilikuwa kimening'inia kipande cha chandarua cha bluu. Novatus alikuwa na tabia hiyo, migomba yake iliyoelemewa aliiegemezea miti na kuifunga kwa vipande vya chandarua kuukuu, na Ihanda nzima ilimcheka, kwamba ndizi zake zinaogopa mbu. Hakuna mwingine aliyefanya vile.

Mackrine akauliza mikungu imenunuliwa wapi. Ingabire akasema kwa Yustus, ameileta mwenyewe jana, na alikuwa na haraka ya kuuza. Kisha akapunguza sauti.

"Dada, si leo mnamaliza matanga? Mimi nilidhani huku hutakuja."

Mackrine alikifungua kile kipande, akakitupa kwenye maganda. "Sawa," akasema, akaenda kupanga maji mezani.

Nilikasirika. Kwa ukoo ule, matanga yakiwa hayajaisha, jembe haligusi udongo wa marehemu wala mkungu hautoki kwenda kuuzwa, na hata mimi mtu wa pembeni nalijua hilo. Yustus alishajihesabu mwenye mali. Na mwenye haki alikuwa anafuta glasi.

Kikao kilianza. Mwezeshaji alikuwa kijana wa Bukoba, viatu vinang'aa, maneno yake laini, hakuna aliyemchukia. Alipita na kipaza sauti akimuuliza kila mmoja anauonaje mji baada ya miaka kumi. Mmoja aliona stendi ya kisasa, mwingine machinjio, mwingine taa za barabarani kwenye kata ambayo barabara yenyewe bado tunaiomba. Yote yaliandikwa kwenye bango. Kisha mwezeshaji akasema watumishi nao wana ndoto zao, akamgeukia Mackrine aliyekuwa anapita na jagi.

"Na mama yetu hapa, miaka kumi ijayo unajiona wapi?"

Nilijua atasema sawa, hata kama haliendani na swali. Alisimama na jagi lake.

"Sina mahali," akasema. "Leo wanakaa kunifungia mlango, na mimi niko hapa nawamiminia maji."

Mwezeshaji alitikisa kichwa kwa huruma, akaandika kwenye bango: makazi ya watumishi. Mackrine akaliweka jagi chini, akanijia nyuma nilikokaa, akaniomba nimpeleke Ihanda. Mkurugenzi aliinua mkono kutuonyesha kwamba gari lina kazi. Mackrine alimtazama juu ya miwani, na ule mkono ukashuka wenyewe. Tukaondoka.

Tulichelewa. Tulipofika, watu walikuwa wameshakaa makundi makundi na pombe yao ya ndizi, na mkeka wa mjane ulikuwa umekunjwa, umesimamishwa ukutani. Mackrine akapiga magoti kumwamkia mzee Rwezaura. Mzee aliitikia taratibu, na nadhani alikuwa na aibu.

"Mkamwana, tulikuuliza mbele ya watu," akasema. "Mkeka ulikuwa mtupu."

Mackrine hakubisha wala hakuomba.

"Matanga yamekwisha, baba?"

"Yamekwisha."

Akainuka. Akapita katikati ya watu akaingia migombani, akaenda moja kwa moja mpaka kaburini. Yustus alikuwepo hapo na wanaume wawili, akiwaonyesha atakapopanua shamba. Magugu yalikuwa yamelifunika kaburi, na majani makavu ya migomba yamelala juu yake, kwa kuwa wakati wa matanga hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa. Mackrine aliinama na sketi yake ya ofisini, akaanza kung'oa. Yustus akamwambia kazi hiyo sasa ina mwenyewe. Akaendelea kung'oa. Watu waliacha vikombe wakaja kutazama, na mzee Rwezaura akaja nyuma yao na fimbo yake, akamuuliza anafanya nini.

"Nasafisha nitakapolala."

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, machozi yale yote ya siku ya mazishi, akimwita Novatus kwa jina, na mikono yake haikuacha kung'oa. Wanawake wakaanza kulia naye. Mimi nami nililia, sina sababu ya kuficha.

Mzee alimtazama, akatazama udongo uliokuwa unaonekana sasa upande wa kushoto wa kaburi, na viatu vilivyoukanyaga.

"Amejibu. Yustus, sogea," akasema. "Umesimama mahali pake."

Yustus akasogea.